Maji ya Dakika ya 22



Mwezi wa Desemba wa mwaka 2025 wakubwa wa FIFA, yaani chama kinachotawala mpira wa miguu duniani pote, walitangaza amri moja juu ya Kombe la Dunia la 2026, lililopangwa kuchezwa katika nchi tatu: Marekani, Kanada na Meksiko. Amri ni hii: katika kila mchezo, kipindi cha kwanza na kipindi cha pili, mwamuzi atapiga filimbi dakika ya 22, na wachezaji wote watakwenda kando ya uwanja kunywa maji. Watapumzika dakika 3, zikihesabiwa tangu filimbi hata filimbi, kisha mchezo utaendelea. Haizuru kama jua linawaka ao mvua inanyesha. Haizuru kama uwanja uko wazi ao umefunikwa kwa paa na hewa yake kupozwa kwa mashine. Ni lazima kila mahali, katika michezo yote 104.

Amri hii ilizusha mabishano makubwa. Wengine walisema: Asante, mwishowe wamekumbuka kwamba mchezaji ni mtu. Wengine wakasema: Wameukata mpira vipande vinne, kama mwuza miwa akatavyo muwa sokoni, wapate kuuza kila kipande kwa bei yake. Sisi tuna maneno yetu, nayo hayapatani kabisa na ya upande huu wala ya upande ule.

Pengine msomaji mmoja atatuuliza: Je, hamna mambo makubwa zaidi ya kuandika? Watu wanakosa dawa, barabara zimekatika, na ninyi mnahesabu dakika za kunywa maji za watu wanaolipwa feza nyingi kwa kukimbia nyuma ya ngozi iliyojazwa upepo! Tunamjibu kwa upole. Kwanza, mpira si mgeni katika nyumba zetu. Wasomaji wa Lubumbashi wanajua kwamba ekipe inayoitwa leo TP Mazembe, iliyopata kuwa bingwa wa Afrika mara tano, ilianzishwa mwaka 1939 na mamonaki Wabenediktini, nayo iliitwa Saint-Georges. Pili, na hili ndilo kubwa, chini ya neno dogo la chupa ya maji kuna swali ambalo kila mwenye kusimamia watu hukutana nalo: mkubwa wa kazi, mwalimu wa shule, baba na mama nyumbani. Yafaa kumlazimisha mtu kupokea jambo jema? Na jambo jema likigeuka amri kwa wote, bila kumtazama mtu wala hali yake, linabaki jema vilevile?

Tuanze na mwili, maana mwili haujui kubishana. Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digri 37 hivi. Akikimbia, misuli yake inatoa joto jingi, nao mwili unajaribu kulitoa nje kwa njia ya jasho. Lakini sikilizeni vizuri: jasho halipozi mwili kwa kutoka tu, linaupoza linapokauka juu ya ngozi. Mama aliyetundika nguo kwenye kamba siku ya mawingu mazito, kabla ya mvua, anajua kwamba nguo hazikauki, hata kama joto ni kali. Ndivyo ilivyo ngozi. Hewa ikijaa unyevu, jasho linatiririka bure, linaanguka chini, na joto linabaki ndani. Joto la mwili likipita digri 40, akili inaanza kuchanganyika, mtu anayumba, anaweza kuanguka na kufa. Mchezaji wa mpira hukimbia kilometa 10 hivi katika mchezo mmoja, na siku ya joto kali anaweza kupoteza lita 2 za maji ya mwili wake, hata kupita.

Kwa sababu hiyo wenye elimu hawatosheki na kipimo cha joto cha kawaida. Wanatumia vipimo vitatu pamoja. Cha kwanza kimefungwa kitambaa chenye maji, nacho kinahesabiwa sehemu 7 katika 10. Cha pili kimo ndani ya tufe jeusi linalopigwa na jua, sehemu 2. Cha tatu ni kile cha kawaida, sehemu 1. Hesabu inayotoka ndiyo inayoonyesha hatari. Digri 32 za kipimo hiki si digri 32 tunazozisikia katika redio. Ni kali zaidi sana. Msisahau tarakimu hiyo ya 32, tutairudia.

Sasa historia kidogo. Mwaka 1994 Kombe la Dunia lilichezwa Marekani, miezi ya Juni na Julai, na michezo mingi iliwekwa katikati ya mchana ili watu wa Ulaya waitazame jioni nyumbani kwao. Mchezo wa mwisho, Brazil na Italia, ulianza saa sita na nusu mchana huko Pasadena. Wakati ule mchezo haukusimamishwa kwa ajili ya maji. Mwenye kiu alipaswa kufika mwenyewe mstarini. Jack Charlton, mwalimu wa ekipe ya Ireland, aligombana na wakubwa juu ya neno hilo la maji, kwa kuwa vijana wake waliozoea baridi na mvua walipelekwa kucheza katika jua la Orlando. Hakusikilizwa sana.

Miaka 20 ikapita. Mwaka 2014 Kombe lilikwenda Brazil, na michezo mingine iliwekwa saa saba mchana katika miji ya joto, kama Fortaleza, Natal na Salvador. FIFA ilikuwa na kanuni yake: kipimo kikipita 32, wasimamizi na waganga wanaweza kuamua mchezo usimame, watu wanywe maji. Wanaweza. Neno hilo “wanaweza” halikuwatosha mawakili wa serikali wanaotetea wafanyakazi. Walikwenda mbele ya mahakama ya kazi ya mji wa Brasília, na mwezi wa Juni mwaka uleule hakimu akaagiza kwamba kipimo kikifika 32, mapumziko si hiari tena.

Angalieni ni mahakama gani. Si mahakama ya michezo. Ni mahakama ya kazi, ile inayosikiliza maneno ya mjenzi, ya mchimbaji, ya mpishi wa hoteli. Mbele ya mahakama kama ile hakuna anayeuliza kama mpira utapendeza ao hautapendeza. Swali ni moja tu: mtu huyu mwenye jezi ni mfanyakazi, ndiyo ao hapana? Na kama ni mfanyakazi, nani amempa mkubwa wake ruhusa ya kumfanyisha kazi katika joto la namna hii bila maji? Sisi tunaona kwamba huo ndio mlango wa kuingilia katika neno hili, na kwamba wengi wanaobishana wanaingia kwa dirisha. Wanasema juu ya uzuri wa mchezo, juu ya desturi, juu ya feza. Kabla ya hayo yote kuna mtu anayefanya kazi juani.

Wengine watasema: Lakini mfanyakazi huyu analipwa kuliko waziri! Ni kweli kwa wachache, tena si kweli kwa wengi wanaoishi kwa kazi ya mpira, hasa katika nchi zetu. Hata hivi, mshahara hauwezi kupoza damu. Tajiri na maskini wanapokimbia katika jua moja, wanapata joto moja.

Tuje sasa kwa neno la lazima. Kuna watu wenye busara wanaosema: Mpeni mchezaji uhuru. Wekeni chupa mstarini. Mwenye kiu atakunywa, asiye na kiu ataendelea. Kumlazimisha mtu mzima kunywa maji ni kumfanya mtoto. Maneno haya yana sura nzuri, lakini yametoka kwa watu waliokaa kivulini. Beki wa kati akienda kunywa, nani atakaa mbele ya lango? Atakwenda akijua kwamba bao likiingia wakati ule, jina lake litatajwa vibaya mwaka mzima. Na kijana wa akiba aliyepata nafasi yake ya kwanza baada ya kungoja miezi sita, je, atainua mkono na kusema “naona kizunguzungu”? Akisema hivyo, mwenzake ataingia na yeye atarudi kwenye benchi. Basi atanyamaza. Atacheka hata. Kibarua anayelipwa kwa kipande anafanya vilevile: saa ya kula ikipita hasimami, maana mwenzake wa kushoto hakusimama. Kwa hiyo nchi nyingi zimeweka saa za kazi na siku za kupumzika kwa sheria, hazikumwachia kila mtu apatane peke yake na tajiri wake. Sheria ya namna hiyo haimnyang’anyi mtu uhuru. Inamwondolea haya ya kuwa wa kwanza kusema amechoka.

Tena kuna sababu ya pili, nayo inatisha zaidi. Joto linaharibu akili ileile inayotakiwa kuamua kama joto limezidi. Mfano wake tunao Afrika. Siku ya 12 Januari 2022, huko Limbe nchini Kamerun, Tunisia na Mali walicheza katika Kombe la Afrika, na mchezo ulianza saa nane mchana. Mwamuzi alikuwa Janny Sikazwe wa Zambia, jirani zetu wa kusini. Si mwanafunzi: alikuwa ameamua mchezo wa mwisho wa Kombe la Afrika la 2017, na mwaka 2018 alikwenda Urusi kuamua katika Kombe la Dunia. Dakika ya 85 akapiga filimbi ya mwisho. Watu wakashangaa, wakamwambia, mchezo ukaendelea. Kisha akaumaliza tena kabla dakika ya 90 haijatimia. Waalimu wa Tunisia walimwendea mbio, wakimwonyesha saa zao. Dunia nzima ilimcheka. Baadaye ikajulikana kwamba alipelekwa hospitalini, na mkubwa wa waamuzi wa Afrika akaeleza kwamba lile jua kali lilimpiga na kuharibu maamuzi yake.

Tumelifikiri sana neno la mtu huyu. Kazi yake ni saa. Saa ilikuwa mkononi mwake, nayo ilikuwa inasema kweli, lakini kichwa kilichoisoma kilikuwa kimechemka. Wala hakujua kwamba hajui. Mtu wa namna hiyo utamwachia aamue mwenyewe kama ana kiu? Katika joto la kweli, mapumziko yasiyo ya lazima ni kama hakuna.

Wapenda mpira wana lalamiko lao, nasi hatulizarau. Wanasema kwamba uzuri wa mpira ni kuendelea bila kusimama, kama mto. Kwamba ekipe iliyokwisha kumchosha mwenzake inanyang’anywa faida yake filimbi inapolia. Wanakumbusha siku ya 29 Juni 2014, huko Fortaleza. Meksiko walikuwa mbele ya Uholanzi kwa bao 1 kwa 0. Katika kipindi cha pili mchezo ukasimama kwa maji. Mwalimu wa Waholanzi, Louis van Gaal, aliwaita watu wake akageuza mpango wote. Dakika ya 88 Sneijder akasawazisha, na mwisho kabisa Huntelaar akafunga penalti. Wameksiko wakarudi kwao wakilia. Van Gaal mwenyewe alisema wazi kwamba aliyatumia mapumziko yale kubadili mpango wake.

Je, Wameksiko walionewa? Hapana. Wao pia walikuwa na maji, na mwalimu, na masikio. Ni kweli kwamba mchezo ulibadilika. Lakini mpira umekwisha kubadilika mara nyingi kwa ajili ya kumhurumia mchezaji. Kabla ya mwaka 1970 hapakuwa na wachezaji wa akiba katika Kombe la Dunia. Mtu akiumia, alibaki akichechemea, ao ekipe yake ilibaki na watu 10. Mwaka 1962 nchini Chile, Pelé aliumia katika mchezo na Chekoslovakia, akabaki uwanjani kama nguzo, maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia mahali pake. Leo nani anayetamani siku zile zirudi? Tangu mwaka 2019 sheria za mpira zenyewe zinataja mapumziko ya kunywa, yasiyopita dakika 1, na mapumziko ya kupoza mwili, tangu sekunde 90 hata dakika 3, na mwamuzi anarudisha muda huo mwisho wa kipindi. Hilo la uzuri wa mchezo linatosha.

Hata hapa tumetembea pamoja na amri ya dakika ya 22. Sasa tunaachana nayo njiani.

Kati ya viwanja vilivyochaguliwa kwa mwaka 2026, kile cha Arlington karibu na Dallas, kile cha Houston na kile cha Atlanta vina paa linaloweza kufungwa, na ndani yake hewa inapozwa. Mtu aliyeketi mle mwezi wa Juni anaweza kutaka koti. Mle ndani pia filimbi imeagizwa kulia dakika ya 22. Kwa nini? Wakubwa walijibu kwamba wanataka ekipe zote zipate hali moja. Jibu hili linapendeza sikio. Lakini fikirini mama mwenye watoto wawili, mmoja ana malaria, wa pili mzima. Anawapa wote wawili dawa ya malaria. Jirani akimwuliza, anasema: Sipendi kumpendelea mmoja. Tutamsifu kwa haki yake? Hali za ekipe haziwi moja kwa sababu filimbi imelia saa moja. Aliyecheza saa tisa mchana katika uwanja wazi, na aliyecheza usiku chini ya paa, hali zao zilikwisha kutengana siku ile ratiba ilipoandikwa.

Mapumziko ni haki ya mwili. Basi yafuate mwili. Yakifungwa kwenye joto, kila mtu anayaelewa, hata yule anayeona mchezo umekatika. Anatazama jua, anafuta jasho lake mwenyewe, ananyamaza. Yakifungwa kwenye saa peke yake, hayajibu shida yoyote iliyo mbele ya macho, na mtu ana haki ya kuuliza yanajibu nini. Joto halitangazi siku yake mbele. Lakini dakika ya 22 inajulikana tangu mwaka uliotangulia, na kitu kinachojulikana mbele kinaweza kuuzwa. Dakika 6 katika kila mchezo, kwa michezo 104, ni dakika 624, yaani zaidi ya saa 10 ambazo macho ya dunia yako wazi na mpira hauchezwi. Amri yenyewe ilielezwa katika mkutano na wenye televisheni. Hatusemi kwamba feza ndiyo iliyokuwa nia yao. Nia ya mtu hatuioni. Tunasema tu kwamba njia ya kuondoa mashaka ilikuwa rahisi: kuifunga filimbi kwenye kipimo, na kukishusha kipimo hicho chini ya 32, kama chama cha wachezaji, FIFPRO, kilivyodai mara nyingi.

Kuna mfano mdogo tunaoupenda kuliko amri hiyo yote. Mwezi wa Aprili 2021, huko Uingereza, Leicester na Crystal Palace walicheza jioni katika mwezi wa Ramazani. Wachezaji wawili, Wesley Fofana wa Leicester na Cheikhou Kouyaté wa Palace, walikuwa wamefunga tangu alfajiri. Ekipe mbili zilipatana na mwamuzi mbele ya mchezo. Jua lilipokwisha kuzama, mpira ukatoka, kipa wa Palace akakawia kidogo kuupiga, na wale wawili wakafika mstarini, wakanywa, wakala kidogo, mchezo ukaendelea. Hakukuwa na tangazo lolote. Wengi waliokuwa wakitazama hawakutambua hata kidogo. Pale watu wawili walitazamwa kwa majina yao, na ekipe ya upande wa pili ilikubali kungoja. Miaka miwili baadaye chama cha mpira cha Ufaransa kiliwaagiza waamuzi wake wasisimamishe mchezo kwa sababu kama hiyo. Ni ajabu jinsi dakika 1 iliyoombwa na mtu inavyoonekana ndefu, na dakika 3 zisizoombwa zinavyoonekana fupi.

Lakini kuna jambo linalotuuma zaidi ya paa la Atlanta, nalo ni saa ya kucheza. Tunaogopa kwamba maji yatakuwa kifuniko cha kosa lililo kubwa kuliko kiu. Dakika 3 zinasaidia. Vitambaa vya barafu shingoni vinasaidia zaidi. Lakini mchezaji anarudi katika jua lilelile. Mwezi wa Juni 2025, katika Kombe la Dunia la vilabu, Borussia Dortmund na Mamelodi Sundowns wa Afrika Kusini walianza mchezo wao huko Cincinnati saa sita kamili mchana. Wachezaji wa akiba wa Dortmund walitazama kipindi cha kwanza wakiwa ndani ya chumba cha kuvalia, maana benchi lao lilikuwa juani. Fikirini neno hilo: waliopaswa kuketi tu walifichwa, na waliopaswa kukimbia waliachwa nje. Mwezi uliofuata Enzo Fernández wa Chelsea alisema kwamba katika mchezo wao na Fluminense alishikwa na kizunguzungu, akalazimika kulala chini, na kwamba kucheza katika joto la namna ile ni hatari sana. Katika mashindano yale mapumziko ya maji yalikuwako.

Tuliwaomba msisahau tarakimu ya 32. Mwaka 2021 serikali ya Qatar, baada ya kulaumiwa sana kwa vifo na mateso ya wageni wanaojenga miji yake, kati yao vijana wa Kenya na Uganda, iliagiza kwamba kipimo kilekile kikipita 32.1, kazi zote za nje zisimame. Zisimame, si watu wanywe maji kisha waendelee. Basi kwa mbeba matofali 32 ni mwisho wa kazi, na kwa mcheza mpira 32 ilikuwa mwanzo wa kunywa! Tena Kombe la Dunia la 2022, lililochezwa katika nchi hiyohiyo ya Qatar, lilihamishwa hata Novemba na Desemba kwa ajili ya joto, na vyama vingi vya Ulaya vilipanga upya mwaka wao. Kumbe kalenda inahamishika. Saa ya kuanza, iliyo ndogo kuliko kalenda, inahamishika vizuri zaidi. Isipohamishwa, sababu si jua.

Hukumu yetu ni hii. Mapumziko ya maji yana mahali pake katika mpira wa watu wanaolipwa, tena kwa lazima, kila mara kipimo kinapoonyesha hatari. Mchezaji asiulizwe, mwalimu asiulizwe, mwenye televisheni asiulizwe. Juu zaidi ya kipimo hicho uwekwe mpaka wa pili, ambapo mchezo wenyewe unangoja jioni. Na mahali ambapo hakuna hatari, waacheni wacheze.

Tunajua kwamba wasomaji wengi hawatauona uwanja wa Arlington. Wanauona uwanja wa mchanga nyuma ya shule, mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijaanza, wakati hata mbuzi wamekwenda chini ya maembe. Ninyi mnaosimamia ekipe za vijana mtatuambia: Taa hatuna, siku ya michezo miwili lazima tuanze saa nane, tusipatwe na giza. Tunalijua neno hilo, nalo si uvivu. Lakini mchezo wa wadogo unaweza kuwekwa asubuhi saa mbili, na wa wakubwa saa kumi. Kipimo cha tufe jeusi hamna, basi mtumie mkono: mwamuzi aguse mchanga wa katikati ya uwanja kabla ya kuanza, na kama hawezi kuacha mkono wake pale, mchezo usimame katikati ya kila kipindi. Maji yachemshwe jana yake, yawekwe kivulini katika ndoo yenye kifuniko, na mtu mmoja ateuliwe kuyateka kwa kikombe chenye mkono mrefu. Kila kijana aje na kikombe chake ao chupa yake; kipindupindu tunakijua, hakifai kugawanywa kwa kikombe kimoja midomoni mwa watu 22. Vikombe viwili vya ziada viwekwe kwa ajili ya wale wanaookota mipira. Na mwamuzi anywe kwanza.